Pole na Radhi: Sifa ya Uungwana ya Uingereza, Nyumbani na Ugenini

Jioni ya tarehe 31 Oktoba 2023, katika dhifa ya kitaifa Ikulu ya Nairobi, Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza alisimama mbele ya mwenyeji wake, Rais William Ruto, akasema kwamba maovu yaliyotendwa zamani yanamtia huzuni kubwa mno na majuto mazito, na kwamba ukatili waliofanyiwa Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru wao hauna udhuru wowote. Kesho yake, upande wa pili wa mpaka, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, akizungumza na watu wa ukoo wa Chifu Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Yeye alisema anaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale. Wakuu wa madola mawili yaliyowahi kututawala, wakiwa wametenganishwa na usiku mmoja tu, walizungumzia mambo ya aina moja. Mmoja akaomba msamaha, mwingine akaishia kwenye majuto.

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji wakili amweleze tofauti hiyo. Ukimkuta jirani yako kajikwaa barazani, unamwambia "pole" ingawa si wewe uliyemkwaza; lakini ukimkanyaga mwenyewe, kisha ukasema "pole" ukanyamaza, atakutazama akingoja neno la pili, "samahani" au "niwie radhi", kwa sababu pole hutolewa na mwenye huruma na radhi huombwa na mwenye kosa. Kwa mizani hiyo, alichotoa Mfalme Nairobi kilikuwa pole: nzito, iliyochaguliwa maneno yake kwa uangalifu, na pengine ya dhati kabisa, lakini pole. Rais Ruto, katika hotuba yake ya usiku uleule, alimsifu mgeni wake kwa ujasiri wa kuyagusa mambo hayo machungu, kisha akakumbusha kwamba safari ya kufikia fidia kamili bado ni ndefu.

Ninachotaka kukifafanua hapa ni jinsi nchi moja inavyoweza kuwa na sifa mbili za kimaadili kwa wakati mmoja, moja kwa watu wake na nyingine kwa waliotawaliwa nayo, bila ya upande wowote kuwa unasema uongo kwa makusudi. Maelezo mepesi ni kwamba Waingereza ni wanafiki, au kwamba sisi tuliotawaliwa hatuwezi kuacha ya kale yapite. Yote mawili hayatoshi. Sehemu kubwa ya tofauti hii, kwa maoni yangu, imetokana na jambo la kikarani kabisa: nani alishika mafaili, nini kiliandikwa ndani yake, na yapi yaliteketezwa kabla mtu mwingine hajayasoma.

Uingereza ina jambo moja inalojivunia kuliko mengine yote inapojipima kimaadili, nalo ni kukomesha utumwa. Kila mwanafunzi wa huko hulisikia. Mwaka 1807 Bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa katika meli za Kiingereza, na mwaka uliofuata jeshi la majini likaanza kuweka manowari pwani ya Afrika Magharibi kukamata meli za watumwa, kazi iliyowakomboa watu wapatao 150,000 katika miongo iliyofuata na kuwaua mabaharia wengi wa Kiingereza, hasa kwa maradhi. Mwaka 1833 ikapitishwa sheria ya kufuta utumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya makoloni, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Haya yote ni kweli, na anayeyapuuza kwa sababu tu yanasemwa na Mwingereza anajinyima nusu ya historia.

Nusu ya pili ni kwamba kabla ya 1807 meli za taifa hilohilo zilikuwa zimevusha zaidi ya Waafrika milioni tatu katika bahari ya Atlantiki, na kwamba sheria ya 1833 ilipotenga fidia, fedha zile hazikwenda kwa waliokuwa watumwa. Zilitengwa pauni milioni 20, kiasi kilichokaribia asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, na zote zilikwenda kwa wamiliki, kama bei ya mali waliyonyang'anywa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti, na wengi wao walilazimika kuendelea kuwatumikia mabwana walewale hadi 1838 kwa jina jipya la "wanagenzi".

Serikali ilikopa ili kulipa fedha hizo, na deni lililotokana na mkopo huo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Mambo yangebaki vitabuni kama si Wizara ya Fedha ya Uingereza yenyewe, ambayo Ijumaa moja ya Februari 2018 iliandika katika mtandao wa Twitter, kwa namna ya kumfurahisha msomaji na jambo asilolijua, kwamba mamilioni ya wananchi walisaidia kukomesha biashara ya utumwa kupitia kodi zao. Aliyeandika bila shaka aliona anawapongeza watu. Lakini miongoni mwa walipakodi hao walikuwamo Waingereza wenye asili ya Jamaika, Barbados na visiwa vingine, ambao ghafla walitambua kwamba sehemu ya mishahara yao ilikuwa imetumika kumalizia malipo ya watu waliowamiliki mababu zao. Ujumbe ule ulifutwa. Nauona kuwa mfano bora wa suala zima: sentensi ileile, isiyo na kosa la hesabu, ilikuwa pongezi kwa msomaji mmoja na tusi kwa mwingine aliyeketi naye basi moja.

Pwani yetu nayo imo katika hesabu hiyo ya fahari. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini tarehe 5 Juni 1873. Mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alikuwa amekuja mapema mwaka huo kumshawishi, Sultani akakataa. Ndipo balozi mdogo John Kirk akaletewa amri ya kumwambia kwamba akiendelea kukataa, manowari zitaizingira Zanzibar. Pale soko lilipokuwa, Wamisionari wa Kianglikana walijenga kanisa kuu, na mgeni anayeingia leo huambiwa kwamba madhabahu ipo mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nje kidogo, katika shimo lililochimbwa mwaka 1998 kwa ajili ya mnara wa kumbukumbu, zimesimama sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, nyuso zao zikiwa usawa wa miguu ya watazamaji. Huko Mombasa, makutano ya Nyali bado yanaitwa Kengeleni kwa sababu ya kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa miaka ya 1870 na kupewa jina la Frere huyohuyo. Abiria wa matatu hushuka hapo kila siku bila kumkumbuka.

Asili ya biashara ile haikuwa ya Kiingereza, na mwandishi wa pwani hana haki ya kulikwepa hilo. Walioendesha misafara walikuwa Waarabu, Waswahili na Waafrika wa bara, na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa yalikuwa ya watu wa hapa. Kufungwa kwa soko kulikuwa jambo jema, na lililetwa na Uingereza. Lakini tazama lilivyomalizikia. Utumwa wenyewe, tofauti na soko, uliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi 1897, ingawa visiwa vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890; na amri ya 1897 iliwafidia wamiliki, kama ilivyokuwa 1833, huku mtumwa aliyetaka uhuru akitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba na aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Katika pwani ya Kenya hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa 1907. Mwingereza aliyesoma habari za Kirk na Frere anakumbuka 1873. Mjukuu wa mtu aliyengoja hadi 1897 ana tarehe nyingine, na wote wawili wako sahihi.

Hapa lugha yetu inatupa neno linalofaa. Mwungwana, katika miji ya pwani, alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa. Baadaye neno likapanuka likawa mtu wa adabu, mwenye kutenda haki, na wazee wakaongeza kwamba mwungwana ni vitendo. Uingereza ya karne ya 19 ilijenga sifa yake juu ya maana zote mbili kwa pamoja: taifa la watu huru linalowaweka wengine huru, na taifa la adabu ambalo hata likitumia nguvu hufanya hivyo kwa sheria. Sifa hiyo ilikuwa na kazi. Ilihalalisha kuingia, na baada ya kuingia ilihalalisha kubaki, kwani aliyekuja kukomboa hawezi kuambiwa aondoke kama mvamizi wa kawaida. Kwa hiyo ilipofika siku ya kutenda kinyume chake, jambo la kwanza lililohitajika lilikuwa kuificha habari.

Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana akiwa Evelyn Baring. Vita vya Mau Mau, uasi dhidi ya utawala wa Waingereza, havikuwa na malaika. Wapiganaji waliwaua walowezi wa Kizungu 32 na, kwa hesabu za serikali yenyewe, raia wa Kiafrika zaidi ya 1,800, wengi wao Wakikuyu wenzao. Mauaji ya Lari ya Machi 1953 bado yanaumiza kuyasimulia. Serikali nayo iliwanyonga watu zaidi ya 1,000, ikawafunga makumi ya maelfu bila kesi, na ikawahamisha watu wapatao milioni moja kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa senyenge na mahandaki. Ndani ya kambi kulikuwa na mateso ambayo baadaye yalielezwa kortini chini ya kiapo: kuhasiwa, kubakwa kwa vifaa, kupigwa hadi kufa.

Kuna waraka mmoja wa miaka hiyo ambao, kama ningelazimika kuchagua karatasi moja tu ya kuelezea somo hili, ningeuchagua huo. Juni 1957, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu utaratibu mpya wa kutumia nguvu dhidi ya wafungwa wa kambi za Mwea waliokataa kutii. Mtu huyu hakuwa kipofu. Awali alikuwa ameandika kwamba hali waliyowekwa wafungwa inakumbusha, kwa namna ya kuhuzunisha, Ujerumani ya Kinazi au Urusi ya Kikomunisti. Safari hii alieleza kwa utulivu mipaka ya kipigo, ni sehemu gani za mwili zisiguswe na nani apige, kisha akahitimisha kwamba ikiwa watatenda dhambi, basi waitende kimyakimya. Mtu asiyejali maadili hawezi kuandika sentensi ile. Inaandikwa na mtu anayejua fika kwamba kule nyumbani wapo watakaokasirika, anayeithamini ghadhabu yao, na anayepanga wasipate habari. Sifa njema ya nyumbani ilikuwa imegeuka sababu ya kunyamaza.

Kimya kilivunjika tarehe 3 Machi 1959 katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana. Wafungwa 88 walitolewa kwenda kulazimishwa kufanya kazi, wakapigwa na askari kwa marungu, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Uchunguzi wa vifo ukaonyesha majeraha. Mjadala wa Bunge mjini London ulifika usiku wa manane wa kuamkia tarehe 28 Julai, na aliyesimama kusema maneno yanayokumbukwa hadi leo hakuwa mtu wa mrengo wa kushoto. Alikuwa Enoch Powell, wa chama tawala cha Conservative, aliyeiambia serikali ya chama chake kwamba haiwezekani kuwa na vigezo vya Kiafrika huko Afrika, vya Kiasia huko Asia, na labda vya Kiingereza hapa nyumbani. Barbara Castle wa chama cha Labour alikuwa amelipigia kelele suala la kambi kwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Na Powell ni yuleyule ambaye mwaka 1968 alitoa hotuba dhidi ya wahamiaji iliyomfanya nembo ya ubaguzi kwa kizazi kizima. Nawataja hawa kwa sababu ukisema "Waingereza walijua" au "Waingereza hawakujua" umekosea vyote viwili: baadhi walijua, baadhi walipiga kelele, na taifa kwa jumla likasikia kidogo, likashtuka kidogo, likaendelea na shughuli zake. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji ya Hola.

Uhuru ulipokaribia, ulifika wakati wa makarani. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa mwongozo kwamba serikali mpya zisiachiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Malkia, au polisi, au watumishi, au wapasha habari wao. Nyaraka ziligawanywa mafungu mawili: zile ambazo Waafrika wangeweza kurithi, na zile ambazo zilipaswa kushikwa tu na maofisa wa Kiingereza wenye asili ya Ulaya. Fungu hili la pili, sehemu ilichomwa moto, na maelekezo yalisema majivu yapondwepondwe. Sehemu iliruhusiwa kuzamishwa baharini katika makasha yenye uzito, kwenye maji ya kina kirefu yasiyo na mkondo, mbali na pwani. Mafaili ya Kenya yapatayo 1,500 yalisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza siku chache kabla ya bendera kupandishwa Desemba 1963. Kenya iliyaomba mwaka 1967, ikakataliwa.

Yalilala wapi? Katika ghala la Wizara ya Mambo ya Nje huko Hanslope Park, Buckinghamshire, nyuma ya ua wenye ulinzi, pamoja na mengine kutoka nchi zipatazo 37, jumla ya mafaili takriban 8,800. Kwa nusu karne mwanahistoria wa Kiingereza aliyetaka kuandika kwa haki juu ya himaya ya nchi yake alikwenda kwenye Hifadhi ya Taifa, akasoma alichopewa, na akaandika. Hakuwa mwongo. Alikuwa amepewa mizani yenye sahani moja. Wakati huohuo, Nyeri na Murang'a, kumbukumbu ileile ilikuwa ikitunzwa katika makovu, katika majina ya waliopotea, na katika hadithi ambazo mahakama au chuo kikuu kingeziita za kusikia tu. Ndiyo maana nikasema tofauti ya sifa ni jambo la kikarani: kila upande uliamini ushahidi uliokuwa mkononi mwake, na upande mmoja ulikuwa umeamua ushahidi gani ubaki mkononi mwa nani.

Mafaili yale yaliibuka mwaka 2011, na yaliibuliwa na wazee. Wakenya watano, wote wa umri mkubwa, walifungua kesi London mwaka 2009 dhidi ya serikali ya Uingereza kwa mateso waliyopata kambini. Serikali ilijibu kwanza kwamba wajibu wote ulihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, hoja ambayo ukiifikiria inamaanisha kwamba aliyepigwa ndiye airithi fimbo. Jaji McCombe aliikataa mwaka 2011, na aliona ajabu, pengine hata jambo lisilo la heshima, kwamba mfumo wa sheria usiokubali kamwe ushahidi uliopatikana kwa mateso ukatae kusikiliza madai dhidi ya serikali yake yenyewe kuhusu mateso. Oktoba 2012 akaruhusu kesi iendelee licha ya miaka mingi kupita. Kuna jambo hapa ambalo wakosoaji wa Uingereza, nami nikiwamo, hatulitaji vya kutosha: wazee wale walipoitafuta haki waliipeleka kesi London, na hawakukosea kuamini kwamba jaji wa Kiingereza anaweza kuihukumu serikali ya Kiingereza. Sifa ya mahakama ilithibitika kortini, siku ileile sifa ya serikali ilipokuwa ikivuliwa nguo.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alilitangazia Bunge kwamba wadai 5,228 watalipwa katika mapatano ya jumla ya pauni milioni 19.9, zikiwamo gharama za mawakili. Kila mdai alipata karibu pauni 2,600. Hague alikiri kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni na akasema serikali inajutia hilo kwa dhati. Katika taarifa hiyohiyo akasema serikali inaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria, na kwamba malipo hayo hayafungui mlango kwa koloni lingine lolote. Soma taarifa hiyo ukiwa London, na utaona nchi inayokabili historia yake bila kulazimishwa na hukumu ya mwisho. Isome ukiwa Othaya, na bahasha ya shilingi za Kenya 340,000 mkononi kwa ajili ya mwili ulioharibiwa ukiwa na miaka 20, utaona mtu anayelipa huku akisema si yeye. Kesi ya pili, ya watu zaidi ya 40,000, ilitupwa mwaka 2018.

Kenya nayo haikuwa na kauli moja katika miaka yote hiyo. Jomo Kenyatta aliwahi kuifananisha Mau Mau na ugonjwa usiopaswa kukumbukwa tena, na marufuku ya kikoloni dhidi ya kundi hilo ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi serikali ya Mwai Kibaki ilipoiondoa mwaka 2003. Wazee hawakuweza hata kujisajili kama chama cha waliokuwa wapiganaji. Waliokuwa askari wa nyumbani, upande wa serikali ya kikoloni, walitoka vitani na ardhi, elimu na vyeo, na wengine walikuwa ndani ya serikali iliyofuata. Wasingefurahia mafaili kufunguliwa. Uingereza ilipata hifadhi ya sifa yake Nairobi kwa miaka 40, bila kulipia.

Nyumbani kwao mambo yamekuwa yakisogea. Mwaka 2014 shirika la kura za maoni la YouGov liliwauliza Waingereza kama himaya ni jambo la kujivunia au la kuonea aibu. Asilimia 59 walisema la kujivunia na asilimia 19 la aibu. Miaka mitano baadaye wenye fahari walikuwa asilimia 32 na wenye aibu walikuwa walewale 19, huku asilimia 37 wakisema si hili wala lile. Takwimu hizo zinanivutia kwa sababu ya kile kisichobadilika. Fahari ilipungua, lakini aibu haikuongezeka. Walioiacha fahari walihamia katikati, mahali pa kusema "ni mambo magumu". Juni 2020 vijana wa Bristol waliing'oa sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, wakaitupa bandarini, na nchi ikagawanyika kati ya walioona historia inafutwa na walioona ndiyo kwanza inasomwa.

Kwa nini basi isiombwe radhi tu, mambo yaishe? Jibu la mawakili ni kwamba kuomba radhi ni kukiri, na kukiri kuna bei. Nyuma ya Kenya kulikuwa na Saiprasi, ambako serikali ililipa pauni milioni moja kwa watu 33 mwaka 2019, nako bila kukiri. Kuna Wakipsigis na Watalai wa Kericho waliofukuzwa katika ardhi ambayo leo ni mashamba ya chai, ambao mwaka 2022 walipeleka malalamiko katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Na kuna visiwa vya Karibi vizima, vinavyozungumza juu ya fidia ya utumwa kwa sauti inayozidi kupanda katika mikutano ya Jumuiya ya Madola. Ukilitazama hivyo, tofauti kati ya Nairobi na Songea haielezeki kwa kusema Wajerumani wana dhamiri kuliko Waingereza. Maji Maji ilikwisha 1907. Hakuna aliyeteswa wakati huo aliye hai akaweza kusimama kizimbani Berlin. Kwa Namibia, Ujerumani iliahidi mwaka 2021 euro bilioni 1.1 katika muda wa miaka 30 na ikachunga sana isiziite fidia. Radhi huombwa kwa urahisi zaidi pale ambapo mdai amekwisha kufa, na Mfalme Charles alikuwa anazungumza katika nchi ambayo wadai wake bado wanatembea kwa mikongojo.

Hata hivyo familia za pande zote mbili za mpaka zinadai kitu kilekile, ambacho si fedha. Wa ukoo wa Songea Mbano wanataka fuvu la kichwa chake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, na Steinmeier aliahidi kusaidia kulitafuta huku akionya kwamba huenda lisipatikane. Familia ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau aliyenyongwa Kamiti alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humohumo gerezani bila alama, inataka kuonyeshwa kaburi, yaani inataka kusomewa karatasi moja ambayo karani fulani wa koloni aliiandika, kama haikuchomwa. Mjane wake, Mukami Kimathi, ambaye naye alifungwa Kamiti, aliliomba jambo hilo kwa kila serikali iliyopita. Alifariki dunia tarehe 4 Mei 2023, siku mbili kabla ya Charles kuvikwa taji London, akazikwa Njabini, Nyandarua, peke yake.